UZI: Maisha ya kambini ya askari wa farasi, vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani (1861–1865)

Wakuu, salaam kwenu.

Kila tunapogusa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mjadala unakimbilia mapigano ya Gettysburg, Rais Lincoln, na majemadari Lee wa Kusini (majimbo ya watumwa yaliyojitenga) na Grant wa Kaskazini (serikali kuu). Leo naomba tuingie kambini, tena kambi ya wapanda farasi tu. Nimekuwa nikisoma barua na shajara za askari wale kwa muda mrefu, na kuna jambo linajitokeza karibu kila ukurasa: askari wa farasi alikuwa mtumishi wa mnyama wake tangu alfajiri hadi usiku. Jeshi lililochelewa kulielewa hilo liliishia kuwa na wapanda farasi wanaotembea kwa miguu. Ndicho ninachotaka kukionyesha. Uzi ni mrefu, nitaushusha kwa vipande. Mwenye swali asisubiri mwisho.

KIPANDE CHA 1: SIKU INAVYOANZA

Tukae Brandy Station, jimbo la Virginia, majira ya baridi ya 1863 kuingia 1864. Jeshi la Kaskazini linaloitwa Jeshi la Potomac, watu kama 100,000, limetanda katika wilaya ya Culpeper kati ya mito Rappahannock na Rapidan. Linangoja barabara zikauke ili vita viendelee.

Bado giza, tarumbeta inalia. Watu wanatoka vibandani huku wakifunga vifungo, sajenti anaita majina. Askari wa miguu akishaitika "nipo" anarudi kuwasha moto wa kahawa. Wa farasi, la. Unafuata mlio mwingine, wa zizini, na hapo kila mtu anashika chanuo la chuma na brashi anakwenda kwenye kamba ndefu walikofungwa farasi. Anamvisha wake mfuko wa nafaka mdomoni, kisha anaanza kumsugua: shingo, mgongo, tumbo, miguu yote minne, halafu anainua kwato moja moja na kuchokoa tope na mawe. Afisa wa zamu yupo anaangalia. Mpaka farasi awe amekula na kusafishwa, mwenye farasi hajaonja kitu.

Baada ya kifungua kinywa, wagonjwa wanaitwa kwa daktari. Kisha mlio wa maji: farasi wanapelekwa mtoni bila matandiko, mtu kampanda mmoja na pengine anamvuta mwingine, kwa sababu wenzake wako lindoni. Wakirudi kuna kubadilisha walinzi, kuna kuzoa samadi, kuna kukata kuni, kuna mazoezi ya gwaride juu ya farasi. Mchana wanakula. Mazoezi tena. Saa kumi jioni hivi, maji tena na zizi tena, yale yale ya asubuhi. Gwaride la jioni, kuhesabiwa, halafu tarumbeta ya kuzima taa.

Huo wimbo wa kuzima taa, ambao leo Wamarekani wanaupiga kwenye mazishi ya askari, ulizaliwa vita hivi hivi. Ni Jenerali Daniel Butterfield aliyeupanga na mpiga tarumbeta wake mwezi Julai 1862, kambini Harrison's Landing, Virginia. Ulienea kambi hadi kambi, hata upande wa Kusini wakauchukua.

Mwenye kuona kazi ya kuchana farasi ni ya kitoto, aangalie mgongo. Blanketi likikunjwa vibaya chini ya tandiko, au ikabaki takataka ndogo tu, baada ya saa kadhaa mgongo umechubuka. Mchubuko unakuwa kidonda, na farasi mwenye kidonda cha mgongo hapandwi. Tandiko lenyewe, la muundo wa McClellan lililokubaliwa na jeshi mwaka 1859, liliachwa wazi katikati ili uti wa mgongo wa farasi upumue. Lilikuwa la mbao lililofunikwa ngozi mbichi. Likilowana na kukauka mara nyingi ngozi ilipasuka, na hapo aliyeumia akawa mpandaji. Waliomjali farasi kwanza na mtu baadaye walijua wanachofanya.

KIPANDE CHA 2: NYASI, MAHINDI NA HESABU

Posho ya farasi mmoja wa jeshi la Kaskazini kwa siku ilikuwa ratili 14 za nyasi kavu na ratili 12 za nafaka, yaani mahindi, oti au shayiri. Kwa kilo ni kama 6 na kidogo za nyasi na 5 na nusu za nafaka. Sasa pigeni hesabu ya farasi 10,000: karibu tani 118 kila siku ya Mungu, ije kwa reli kutoka kaskazini, ishushwe stesheni, ipakiwe kwenye magari ya kukokotwa na nyumbu (ambao nao wanakula), ipite kwenye tope hadi kambini. Ndiyo maana kambi kubwa zilikaa karibu na reli. Reli ikikatwa siku chache, mbavu za farasi zinaanza kuonekana.

Miaka miwili ya kwanza Kaskazini walifanya vibaya sana. Vijana wengi waliojiandikisha walikuwa hawajapata kumpanda farasi, wengine wametoka viwandani na madukani mijini. Walimrundikia mnyama kila kitu: nguo za ziada, sufuria, mablanketi. Matokeo yake, katika miaka hiyo miwili serikali ilitoa farasi wapatao 284,000 kwa wapanda farasi ambao hawakuwahi kuzidi 60,000 kwa wakati mmoja. Risasi ziliua sehemu ndogo tu ya farasi hao. Waliobaki waliuawa na uchovu, njaa, kwato zilizooza kwenye tope na magonjwa ya kuambukiza.

Oktoba 1862, Jenerali McClellan aliiandikia Washington kwamba hawezi kumfuata Lee kwa sababu farasi wamechoka na ndimi zao zina vidonda. Lincoln akajibu kwa telegramu akiomba radhi kuuliza: hao farasi wamefanya nini tangu vita vya Antietam cha kumchosha mnyama yeyote? Jibu hilo linapendwa sana na wanahistoria. Lincoln alikuwa na haki ya kuchoshwa na jenerali asiyesogea. Lakini ugonjwa ulikuwepo kweli, ule wa ulimi na ule wa kwato, na uliangusha maelfu ya farasi msimu ule.

Julai 1863 ndipo ilipoundwa ofisi maalumu ya wapanda farasi chini ya Jenerali George Stoneman, na kando ya Washington, mahali paitwapo Giesboro Point, ikajengwa bohari kubwa ya farasi yenye nafasi ya wanyama kufikia 30,000, pamoja na hospitali yao. Farasi wa serikali alipigwa chapa ya "US" begani. Akikaguliwa akaonekana hafai tena, alipigwa nyingine, "IC", maana yake amekaguliwa na kukataliwa.

— — —

mpenda_mizinga: Mkuu heshima kwako, ila vita ni mapigano. Mbona unatupeleka kwenye nyasi na samadi? Tuletee Brandy Station yenyewe, vita vikubwa vya farasi Marekani!

— — —

Mwenye uzi:

Mkuu @mpenda_mizinga, nakuletea, na utaona tunarudi kwenye nyasi zile zile. Juni 9, 1863, wapanda farasi wa Kaskazini walivuka Rappahannock alfajiri, kwenye ukungu, pale Beverly's Ford. Wa Kusini chini ya J.E.B. Stuart walikuwa wamelala. Siku ya tarehe 5 Stuart alikuwa amefanya gwaride kubwa mbele ya wageni na mabibi, tarehe 8 akalirudia mbele ya Lee. Farasi wengine walikuwa bado malishoni risasi zilipoanza, na wapo askari waliorukia migongo mitupu bila tandiko na kwenda kupigana hivyo hivyo. Vita vilidumu siku nzima, jumla ya watu kama 20,000 pande zote mbili, wengi wao wapanda farasi. Kuanzia siku ile hakuna aliyewacheka tena wapanda farasi wa Kaskazini.

Lakini soma barua ya Kapteni Charles Francis Adams wa kikosi cha 1 cha wapanda farasi cha Massachusetts, aliyomwandikia mama yake Mei mwaka huo huo. Huyu ni mjukuu na kitukuu wa marais, aliyelelewa kwenye nyumba ya vitabu, na anachomweleza mama ni kwamba hewa ya Virginia imejaa harufu ya mizoga ya farasi, ya pande zote mbili, kila njia na kila shamba. Anasema wakati wa kampeni farasi anakaa na tandiko mgongoni saa kama 15 kati ya 24, na chakula chake cha nafaka kwa maandishi ni ratili 10 lakini kwa kweli anapata 8 hivi. Nyasi kavu hakuna, labda anachong'oa mwenyewe msafara ukisimama. Anaeleza inavyomuuma kumpanda mnyama anayejua kwamba anakufa, kwa sababu amri imesema asonge mbele.

Barua hiyo ndiyo iliyonifanya niache kuhesabu mapigano nikaanza kuhesabu posho. Mumkumbuke huyu Adams, atarudi.

KIPANDE CHA 3: SUFURIA LA ASKARI

Binadamu naye alipimiwa. Kwa siku: nyama ya nguruwe ya chumvi wakia 12, au nyama ya ng'ombe ratili moja na robo, mkate au unga ratili moja na wakia 6, au badala yake ratili moja ya biskuti ngumu. Juu yake maharage au mchele, kahawa, sukari, siki, chumvi, mshumaa na sabuni.

Biskuti hiyo ilikuwa ya unga na maji tu, imekaushwa mpaka haikubali meno. Waliivunja kwa kitako cha bunduki, wakailoweka kwenye kahawa, au wakaikaanga kwenye mafuta ya nguruwe. Ikikaa sana ghalani inaingia wadudu. Ukiitumbukiza kwenye kahawa ya moto, wadudu wanaelea juu, unawatoa kwa kijiko unaendelea kunywa. Wengi wameandika hivyo, bila hata kulalamika sana.

Kahawa ndiyo ilikuwa roho ya kambi ya Kaskazini. Mara nyingi waligawiwa buni mbichi. Wakazikaanga wenyewe, wakazitwanga kwa kitako cha bastola ndani ya kikombe. Msafara ukisimama hata dakika kumi, moto unawashwa. Ila hapa tena tofauti ya mguu na farasi: kwenye safari, askari wa miguu akifika kambini jioni anatua mzigo na kuchemsha maji. Wa farasi anamfungua mnyama, anamtafutia maji, anamtafutia chakula, anamsugua mgongo, anamkagua kwato, halafu ndipo anakumbuka kwamba na yeye ana tumbo.

Kila kombania ilikuwa na wahunzi wake wa kupiga viatu vya farasi na fundi wake wa matandiko, na askari mwenyewe alibeba viatu vya akiba na misumari kwenye mifuko ya tandiko. Kiatu kikitoka njiani bila akiba, farasi anachechemea, anaachwa nyuma na mtu wake. Nyuma kule ndiko waliko Mosby, mvamizi wa Kusini, na watu wake.

— — —

kiguu_na_njia: Mkuu, upande wa Kusini ulikuwaje? Nilisikia wao walikuwa waendeshaji bora tangu utotoni.

— — —

Mwenye uzi:

Kweli mkuu, mwanzoni walikuwa bora. Kijana wa shamba Virginia alikua juu ya farasi, na miaka miwili ya kwanza Stuart aliwazunguka Kaskazini alivyotaka. Tatizo lilikuwa mfumo. Serikali ya Kusini haikumpa askari farasi; alikuja na wake kutoka nyumbani. Farasi alithaminiwa siku ya kuandikishwa, na mwenyewe alilipwa senti 40 kwa siku kwa matumizi ya mnyama wake. Farasi akiuawa vitani, analipwa thamani ile. Akifa kwa njaa, kwa ugonjwa au kwa kuchoka, au akitekwa, hasara ni ya mwenyewe. Ni kama kijana wa bodaboda ambaye pikipiki ni yake: ikifa, na kazi imekufa.

Asiye na farasi alipewa ruhusa kwenda kwao kutafuta mwingine. Wa Virginia alirudi upesi. Wa Carolina au Georgia alipotea wiki kadhaa. Waliobaki kambini bila farasi waliitwa kwa utani "Kombania Q", na idadi yao ilizidi kukua. Pesa ya Kusini nayo ilikuwa inapoteza thamani kila mwezi, hivyo bei ya farasi ikawa haishikiki.

Zaidi ya hapo Virginia ilikuwa imeliwa. Majeshi mawili yalikuwa yamekaa pale tangu 1861, uzio na mazizi vimechomwa kuni, mahindi yanatoka majimbo ya mbali kwa reli iliyochakaa. Kuna majira ya baridi ambapo farasi wa Lee walitafuna magome ya miti. Lee alilazimika kuwatawanya wapanda farasi wake mbali na jeshi ili wapate malisho, kwa hiyo alipowahitaji hawakuwepo karibu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya Kaskazini kuwapita Kusini kwa farasi kuanzia 1863, kuliko ushujaa wa jenerali yeyote.

KIPANDE CHA 4: LINDO

Kazi iliyowachosha zaidi watu wa Brandy Station ilikuwa kulinda mstari wa mbele ili jeshi zima lilale. Kikundi kinatoka kambini kwa siku kadhaa. Kinaweka kituo nyuma, halafu mbele yake, mmoja mmoja, wanakaa walinzi juu ya farasi, bunduki fupi mkononi. Zamu kwa kawaida ilikuwa saa mbili kwa saa nne: mbili umekaa juu ya tandiko bila kushuka, nne umepumzika, kisha tena. Usiku wa theluji, miguu ndani ya vikuku vya tandiko inakufa ganzi, na huruhusiwi kuwasha moto wala kupiga mguu chini.

Farasi naye amesimama hapo hapo na tandiko mgongoni. Jenerali Philip Sheridan alipokabidhiwa wapanda farasi hao Aprili 1864, alikuta mstari wa walinzi unaozunguka jeshi una urefu wa karibu maili 60, na wanyama wamekonda. Akaenda kwa mkuu wake, Jenerali Meade, akapinga: huu ni uharibifu, farasi hawa wanatakiwa kupigana. Wakavutana, lakini sehemu kubwa ya kazi ya lindo ikapunguzwa. Mwezi Mei alikuwa na farasi wa kumpeleka hadi milangoni pa Richmond, mji mkuu wa Kusini, na njiani, pale Yellow Tavern, Stuart alipigwa risasi akafa siku iliyofuata.

Lindoni palikuwa na ubinadamu pia. Mto ulipotenganisha walinzi wa pande mbili, walikubaliana kutopigana risasi bila sababu. Kaskazini walikuwa na kahawa, Kusini walikuwa na tumbaku. Vifurushi vilivuka mto, magazeti yalibadilishwa. Maofisa walikataza, watu wakaendelea.

Hatari ilikuwa John Mosby. Usiku wa kuamkia Machi 9, 1863, aliingia Fairfax Court House katikati ya majeshi ya Kaskazini, akamwamsha Jenerali Edwin Stoughton kitandani, akaondoka naye pamoja na askari kama 30 na farasi 58. Inasimuliwa kwamba Lincoln alipopewa habari alisema jenerali anaweza kumtengeneza mwingine, ila farasi wanagharimu pesa.

KIPANDE CHA 5: KIBANDA, TOPE, CHAWA

Kiangazi walilala kwenye hema dogo la vipande viwili: kila mtu anabeba kipande chake, jioni wawili wanaunganisha kwa vifungo. Baridi ikiingia walijenga vibanda vya magogo, watu wanne hivi kwa kibanda, nyufa zimezibwa tope, dohani ya vijiti na udongo, na juu yake mara nyingi pipa lililotobolewa. Dohani hizo ziliwaka moto mara kwa mara. Kwa farasi walijenga vibanda vya matawi ya misonobari kukinga upepo, na wakatandika magogo chini ili wasisimame kwenye tope, kwa sababu tope ndilo linaloozesha kwato.

Chawa walikuwa wa wote, jenerali kwa kuruta. Dawa ilikuwa kuchemsha nguo, lakini kwenye kampeni sufuria ni lile lile la kahawa, basi watu walivumilia.

Magonjwa yaliua kuliko risasi. Kwa hesabu iliyozoeleka waliokufa pande zote mbili ni kama 620,000 (wapo wanaopandisha hadi 750,000), na karibu theluthi mbili ni kwa maradhi: kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo, surua kwa vijana wa vijijini waliokuwa hawajawahi kuugua. Mashimo ya choo yalichimbwa karibu mno, maji ya kunywa yalichotwa chini ya pale walipooshewa farasi. Daktari alikuwa na kwinini na wiski kwa karibu kila kitu.

Mshahara wa askari wa kawaida wa Kaskazini ulikuwa dola 13 kwa mwezi, ukapanda hadi 16 mwaka 1864, na mara nyingi ulichelewa kwa miezi. Ukija, sehemu inakwenda nyumbani, sehemu kwa mfanyabiashara wa kambini aliyeuza pai na tumbaku kwa bei ya kuumiza, sehemu kwenye karata. Kabla ya mapigano wengi walitupa karata porini, wasije kufa nazo mfukoni mama akaletewa. Wakinusurika wanazitafuta tena. Majira ile ile ya baridi palikuwa na mikutano mikubwa ya dini pande zote mbili, na watu wengi walibatizwa.

Adhabu nayo ilikuwa ya kifarasi: aliyemtesa au kumtelekeza mnyama wake angeweza kuzungushwa kambini saa nzima kabeba tandiko kichwani au mabegani mbele ya wenzake.

— — —

bi_mkubwa_tanga: Mwanangu, umeandika vizuri. Lakini watu weusi wako wapi kwenye kambi hiyo? Na hiyo pamba iliyopiganiwa, si ndiyo ile ya merikani iliyokuwa ikiletwa Unguja?

— — —

Mwenye uzi:

Shikamoo Bi mkubwa. Ndiyo hiyo hiyo. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Unguja merikani kutoka viwanda vya kwao, vilivyofuma pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini. Vita vilipoanza pamba ikakatika, merikani ikaadimika na kupanda bei, na nguo za Uingereza na India zikapata nafasi.

Kwenye kambi, watu weusi walikuwepo tangu mwanzo. Watumwa waliotoroka mashambani waliingia kambi za Kaskazini kwa maelfu, wakawa wapishi, wachungaji wa farasi, waendesha magari ya nyumbu. Upande wa Kusini watumwa walikuja na mabwana zao wakawasugulia farasi. Kuanzia 1863 wakaandikishwa askari, na hadi mwisho walikuwa karibu 180,000. Wengi ni wa miguu na mizinga, lakini kulikuwa na vikosi 7 vya wapanda farasi: 6 vya serikali kuu na cha 5 cha Massachusetts, ambamo Charles Douglass, mtoto wa Frederick Douglass, mpinga utumwa mashuhuri, alikuwa sajenti.

Walilipwa dola 10, wakikatwa 3 za nguo. Mkononi 7, kwa kazi ile ile ya dola 13, mpaka Bunge lilipobadilisha sheria Juni 1864.

Kinachoniumiza zaidi ni farasi wenyewe. Kikosi cha 5 cha Massachusetts kilifanya mazoezi Readville karibu na Boston kama wapanda farasi, kikafika Virginia Mei 1864, kikanyang'anywa farasi. Juni 15 karibu na Petersburg kikatupwa vitani kwa miguu, kazi ambayo hakikufundishwa, na bado kilisaidia kuteka mizinga. Halafu kikapelekwa Point Lookout, Maryland, kulinda mateka.

Kikosi cha 5 cha wapanda farasi weusi cha Kentucky, kilichoundwa Camp Nelson, kilipewa farasi wasiofunzwa na bunduki ndefu za askari wa miguu, ambazo huwezi kuzijaza risasi ukiwa juu ya mnyama anayekimbia. Njiani kwenda Saltville, Virginia, askari weupe wa upande wao wenyewe waliwadhihaki, wakawavua kofia, wengine wakawaibia farasi. Oktoba 2, 1864 walishuka, wakapanda mlima kwa miguu, wakateka ngome za adui. Waliporudi dhihaka ilikwisha. Lakini majeruhi walioachwa uwanjani waliuawa na watu wa Kusini siku iliyofuata, na siku chache baadaye hata vitandani hospitalini. Mmoja wa wauaji, Champ Ferguson, alinyongwa Nashville mwaka 1865.

Na sasa anarudi Adams. Yule kapteni wa barua ya mizoga ndiye aliyepewa ukanali wa kikosi cha 5 cha Massachusetts. Wakapewa tena farasi, na Aprili 3, 1865, Richmond ilipoanguka, aliingia na askari wake weusi wakiwa juu ya farasi katika mji mkuu wa wamiliki wa watumwa. Waliotoka utumwani walikuwa wamejipanga barabarani.

— — —

kiguu_na_njia: Uzi umetulia mkuu. La mwisho: vita vilipoisha, farasi wote hao walienda wapi? Na kwa nini huku kwetu jeshi la farasi halikushika mizizi?

— — —

Mwenye uzi:

Nianze na la kwetu kwa ufupi: ndorobo, yaani mbung'o. Nagana, ugonjwa anaoueneza mdudu huyo, iliua farasi katika sehemu kubwa ya bara, kwa hiyo mizigo na vita vilibebwa na miguu ya watu.

Farasi wa Kusini walirudi nyumbani. Aprili 9, 1865, pale Appomattox, alipojisalimisha, Lee alimweleza Grant kwamba wapanda farasi wake na watu wa mizinga wana wanyama wao wenyewe. Grant, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa farasi tangu utotoni, aliona kwamba wengi ni wakulima wadogo na msimu wa kupanda umefika, akaagiza kila anayedai farasi au nyumbu aruhusiwe kuondoka naye. Lee alisema jambo hilo litawagusa sana watu wake. Mfumo ule ule uliowafilisi vitani ndio uliowapa kitu cha kulimia.

Farasi wa serikali ya Kaskazini waliuzwa mnadani, wengi kwa wakulima. Kikosi cha Adams kilipelekwa Texas kiangazi cha 1865 na kikavunjwa Oktoba mwaka huo.

Mwaka 1866 Bunge likaunda vikosi viwili vya kudumu vya wapanda farasi weusi, cha 9 na cha 10, na wengi waliokwisha kutumika vitani wakajiandikisha. Kanali wa kwanza wa kikosi cha 10 alikuwa Benjamin Grierson, mwalimu wa muziki kutoka Illinois, ambaye farasi alimpiga teke usoni akiwa mtoto na hakuwapenda tangu siku hiyo. Ndiye huyo huyo aliyeongoza watu 1,700 kutoka La Grange, Tennessee, Aprili 1863, akakata Mississippi yote, maili 600 kwa siku 16, mpaka Baton Rouge, askari wake wakisinzia juu ya matandiko na wakibadilisha farasi waliochoka kwa wale wa mashambani. Wakiwepo wanaotaka habari za kikosi cha 10 chini yake huko magharibi, semeni hapa, nitafungua uzi wake.